Mwiko Wenye Alama Nyekundu

Wanjala alikuwa mtu mtulivu. Uliza yeyote pale kiwanda cha saruji cha Athi River, kwenye mizani anakopimia malori, atakuambia hivyo. Lakini mtu hajijui mpaka wivu umpate, na wake ulimpata jikoni mwake mwenyewe, Kitengela, jioni moja alipotoka kazini akakuta sufuria mbili mpya kwenye rafu na mwiko mpya kando yake. Kwenye mpini wa mwiko kulikuwa na tone la rangi ya kucha, nyekundu. Kila sufuria nayo ilikuwa na tone lake.

Mkewe Akoth hakuwa mtu wa kupaka kucha rangi. Hata siku ya harusi alikataa.

"Hii rangi ni ya nani?"

"Ni yangu. Nimenunua ya kuweka alama." Akoth alikuwa anakata sukuma wiki, hakuinua kichwa. "Hizo ni za chakula changu peke yake, Baba Lorine. Zisiguswe na ngano hata kidogo. Sharmarke amesema."

Sharmarke amesema. Haya.

Hebu nikueleze kwanza, usije ukamhukumu Wanjala kabla ya wakati. Wakati wa kumhukumu utafika wenyewe. Akoth alikuwa ameugua kwa miaka. Tumbo lilijaa, likauma, likamwendesha, damu ikapungua, akakonda mpaka sketi za binti yao Lorine, aliye shule ya bweni, zikamtosha. Zahanati hii ilisema vidonda vya tumbo, ile ikasema amiba, na majirani wa ploti wakasema yale ambayo majirani husema mwanamke akikonda. Wanjala hakumwacha. Alimchemshia maji, alimshika mgongo akitapika, na siku miguu ilipogoma alimbeba ngazi mpaka orofa ya tatu. Mwishowe daktari mmoja Nairobi akampima, akasema ni siliaki: mwili wake unapigana na ngano, na kila chembe ya mkate, chapati au mandazi inamjeruhi utumbo. Kidonge cha kuponya hakuna. Kuna kula kwa uangalifu maisha yake yote, na kuna mtu wa kumfundisha, mtaalamu wa lishe aitwaye Sharmarke Burale, ambaye ofisi yake iko hapo hapo Kitengela.

Akoth akaenda, na baada ya miezi michache mashavu yakaanza kurudi. Badala ya kumshukuru Mungu, bwana wetu akaanza kuhesabu makosa.

Kosa la kwanza lilikuwa chapati. Chapati za Akoth za Jumapili zilijulikana ploti nzima. Watu wa orofa ya chini walikuwa wakipandisha watoto waje "kusalimia". Sasa hata vumbi la unga lilimdhuru, basi kibao na kisukumio vikapewa jirani, na Wanjala akaambiwa akitaka chapati akale hotelini. Kosa la pili lilikuwa sahani. Tangu waoane walikuwa wakila ugali kwenye sahani moja, mkono wake na mkono wa mkewe, na sasa mezani kulikuwa na sahani mbili. Kosa la tatu ndilo lililomkosesha usingizi. Kabla hajatia tonge mdomoni, Akoth alikipiga picha chakula chake na kumtumia yule mtu.

Kila mlo. Asubuhi viazi vitamu, picha. Mchana wali na maharagwe, picha. Kisha simu ingelia, Akoth angesoma, na angetabasamu.

"Anasema nini?" Wanjala angeuliza, akijifanya anatafuta chumvi.

"Anasema niongeze mboga."

Mwanamke anaambiwa aongeze mboga, anatabasamu. Wanjala alikuwa amemwambia mambo matamu kuliko hayo na hakutabasamiwa hivyo kwa miaka.

Nami nitasema lile ambalo yeye hakuthubutu kulisema hata moyoni. Wanjala hakuwa anaogopa kwamba Sharmarke atamchukua Akoth. Kilichomchoma ni kwamba yeye alimuuguza mkewe kwa jasho na machozi akazidi kukonda, kisha mtu mwingine akaja juzi tu na maneno mawili matatu, na mke akanawiri. Akoth alikuwa anapendeza, na aliyemfanya apendeze hakuwa mumewe.

Kazini akamtajia Mulinge, karani mwenzake, kwa mzaha, kwamba siku hizi Mama Lorine amejaa mashavu. Mulinge akacheka. "Shamba likinawiri ghafla, uliza ni nani anapalilia." Akaenda kupima lori lake akasahau. Wanjala hakusahau. Tena akakumbuka neno la mamake kule Bungoma: mwanamume ndiye humnunulia mke sufuria, na mke akitenga chungu, mguu mmoja uko nje ya mlango.

Jumapili iliyofuata Akoth alienda kanisani, na baada ya ibada akina mama walikuwa na mkutano. Wanjala alibaki nyumbani na njaa na hasira, na hivyo viwili havifai kuachwa pamoja. Akashuka dukani akanunua unga wa ngano. Hakujua kusukuma chapati, lakini chapati za maji hata mwanafunzi wa bweni anaziweza: unga, maji, chumvi, koroga, mimina.

Sufuria za kawaida zilikuwepo. Akazitazama, akazipita. Akatoa sufuria yenye alama nyekundu, akatoa na mwiko wake, akakoroga uji mzito wa ngano humo huku akiongea peke yake. "Nyumba nalipa mimi, gesi nanunua mimi, halafu niambiwe nisiguse sufuria." Akakaanga chapati tano kwenye kikaangio cha zamani, akazila zote kwa chai. Zilikuwa ngumu na hazikukolea chumvi, lakini kila moja ilimpoza moyo kidogo. Kisha akasuuza sufuria, akausuuza mwiko, akaukung'uta mara mbili na kuusimamisha kwenye kikombe, kichwa kikiangalia chini kama walivyofanya kwao.

Akoth aliporudi aliukuta mwiko umesimama hivyo. Yeye huuweka kichwa juu ili upate hewa. Akaugeuza, akasema, "Siku hizi nasahau sana," akauchukua kusongea ugali wake.

Kesho yake jioni alikuwa chooni, amejikunja.

Wanjala alimchemshia maji. Alimsugua mgongo. Akoth akamwegemea begani kama zamani, akasema kwa sauti ndogo, "Asante, Baba Lorine. Sijui ningekuwa wapi bila wewe." Na Wanjala, Mungu amsamehe, alijisikia vizuri. Alijiambia ni sadfa, tumbo ni tumbo, mtu anaweza kuharibiwa hata na maji ya mfereji. Lakini chini ya maneno hayo kulikuwa na furaha mbovu: Sharmarke ameshindwa. Wiki hiyo picha zilizotumwa hazikujibiwa kwa sifa bali kwa maswali, na Akoth hakutabasamia simu hata mara moja.

Basi Jumapili nyingine akafanya tena, na nyingine tena. Usiniulize kama alijua. Alijua jinsi mtu anavyojua jambo asilotaka kuulizwa. Kila Jumapili alikuwa mwenye nyumba, kila Jumatatu alikuwa muuguzi, na kati ya siku hizo mbili alimrudisha mkewe kwake.

Akoth akaanza kujitafutia kosa. Kwanza aliacha maharagwe, akidhani yalipakiwa mahali penye ngano. Akaacha njugu. Akaacha omena, vile visamaki vya ziwani, na kuacha omena kwake kulikuwa kama kuacha kwao. Mashavu yakaingia ndani tena. Jioni alikaa na simu sikioni akimweleza Sharmarke kila kitu alichokula, na Wanjala aliketi chumba cha pili runinga imezimwa, akisikiliza.

"Hapana, daktari, unga ni ule ule wa mahindi, wa pakiti... Hapana, sijakula nje... Sijui. Pengine ni mimi. Nimekuwa msahaulifu, hata mwiko naukuta umegeuka sikumbuki kuugeuza." Akasikiliza. "Kikulacho ki nguoni mwako, ni kweli, lakini nguo zangu zote nimeshakung'uta."

Wanjala aliyasikia maneno hayo na shingo ikamwasha. Hakuinuka.

Siku chache baadaye Akoth akamwambia, "Sharmarke anauliza kama unaweza kuja Kajiado Jumamosi. Kuna kikundi chetu cha watu wazima wenye siliaki, tunakutana kila mwezi. Safari hii kila mtu aje na mtu wa nyumbani."

"Mimi nitafanya nini huko?"

"Kama hutaki nitaenda peke yangu. Nimezoea."

Akaenda. Alienda ili amtazame huyo mwanamume usoni. Akavaa koti la harusi za watu, akapaka mafuta viatu, na njia nzima alikuwa anapanga maneno.

Afadhali Sharmarke angekuwa na sura. Kumwonea wivu mwanamume mrefu mwenye manukato ni jambo la kueleweka. Mtu aliyekuwa mlangoni mwa ule ukumbi mdogo wa Kajiado alikuwa mfupi, wa makamo, upara umeng'aa, miwani imefungwa kwa utepe upande mmoja. Akoth alipomkaribia, hakumpa mkono. Aliweka kiganja kifuani, akainamisha kichwa. Wanjala akaona, akajiambia: mbele ya watu hata mkono hampi, hapo kuna jambo. Wivu ukishapanga nyumba, hata heshima inageuka ushahidi.

Kisha Sharmarke akaushika mkono wa Wanjala kwa mikono yake miwili.

"Baba Lorine. Wewe nakujua."

"Unanijua wapi?"

"Kwa picha. Kila picha ya mama iko na sahani mbili. Ya pili haitoki vizuri, imekatwa kando, lakini iko. Wagonjwa wangu wengi wanakula peke yao, wanachoka, wanarudi kwa mkate. Mimi nikiona ile sahani ya pili nasema huyu atapona." Akavua miwani akaifuta kwa shati. "Ndiyo maana sielewi kwa nini haponi."

Wanjala alikuwa amepanga maneno mengi, na yote yakamwishia mdomoni. Akaketi.

Walikuwa watu kama kumi na wawili. Mfugaji mmoja wa Bissil, shuka begani, aliwasalimu wote "Sopa" kisha akasema yeye ni wa nyama na maziwa, ngano ilimpata kwa mandazi ya siku ya soko. Watu wakacheka. Mwalimu mmoja wa Matasia alikuwa amekuja na mama mkwe wake, ambaye hakuamini kitu. Sharmarke akamsikiliza kila mmoja bila haraka, akiuliza vitu vidogo: kinu gani kinakusagia unga, kitambaa gani kinafutia meza, nani anapika ukiwa haupo.

Kwenye meza alikuwa na jiko la gesi, sufuria ya uji mweupe wa mchele, na mwiko wa mbao uliochovywa kwenye unga wa ngano uliochanganywa na bizari, manjano kama jua.

"Ngano haionekani ikishaoshwa. Leo nimeipaka rangi muione. Baba Lorine, hebu nisaidie. Uoshe huu mwiko, vile unaosha nyumbani."

Wanjala akasimama. Palikuwa na ndoo ya maji na kikombe. Mikono haijui kudanganya, inafanya ilivyozoea. Akausuuza mwiko, akaukung'uta mara mbili, akausimamisha kwenye kikombe, kichwa chini.

"Umeng'aa?" Sharmarke akauliza watu.

"Umeng'aa," wakajibu.

Akauchukua, akaukoroga kwenye uji uliokuwa unachemka. Mwanzoni hapakuwa na kitu. Kisha mstari wa manjano ukatoka kwenye mbao, ukazunguka, wa pili ukafuata. Mama mkwe wa yule mwalimu akasema "Yesu wangu", akasogeza kiti karibu.

Watu wote walikuwa wanautazama uji, isipokuwa Akoth. Yeye alikuwa anakitazama kile kikombe. Kisha akainua macho akamtazama mumewe, na Wanjala akaona kwamba amekwisha kujua.

Hawakungoja chai. Nje, kando ya ukuta, vumbi likipita na upepo, Akoth akauliza kwa sauti ya kawaida.

"Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Jumapili?"

"Kila Jumapili. Chapati za maji."

Akoth akatikisa kichwa polepole. Angemtukana angemsaidia. "Niliacha maharagwe," akasema. "Nikaacha njugu. Nikaacha omena. Nikafikiria nimeanza kurukwa na akili. Na wewe ulikuwa unanichemshia maji."

"Nilidhani yule mtu anakuchukua."

"Anichukue anipeleke wapi? Mtu wa kwanza kuniambia sijiletei ugonjwa mwenyewe, nisimtabasamie? Wewe ulinipenda nikiumwa, Baba Lorine. Nilipopona ukanikasirikia."

Hapo mimi sina la kumsaidia Wanjala.

"Naenda kwa Ajwang," Akoth akasema. Ajwang alikuwa dada yake, anakaa Tuala. "Zile sufuria zenye alama baki nazo. Sasa ni zako."

Ndivyo mke wa Wanjala alivyotenga chungu, na aliyemtengea alikuwa Wanjala mwenyewe.

Jumapili ya kwanza peke yake hakupika. Ya pili aliutoa ule mwiko, akautazama, akauvunja kwa goti. Kisha akaketi kitandani akampigia simu yule mtu. Ilimchukua muda kubonyeza ile namba. Kupima malori yote ya saruji ya Athi River kungekuwa rahisi. Akakiri yote, akitaka kutukanwa, amalize. Lakini Sharmarke akasema tu, "Basi tumejua ngano ilitoka wapi. Hiyo ndiyo kazi ngumu. Una sufuria gani hapo ndani?"

Wakaanza. Unga wa ngano ukatoka nyumbani, na viungo vya pakiti ambavyo hujui nani kaweka nini ndani. Rafu zikasuguliwa, vitambaa vikachemshwa. Wanjala akajifunza kusonga ugali, wa kwanza ukawa na mabuje, wa pili ukaungua. Kila alichopika alikipiga picha akaituma kwa Sharmarke. Mulinge akamkuta kazini ameinamia chakula chake na simu.

"Kwani siku hizi unapiga picha mpaka chakula?"

"Naambiwa niongeze mboga," Wanjala akajibu, na hakueleza zaidi.

Mwisho wa mwezi alienda sokoni Kitengela kununua sufuria mpya, mwiko mpya na jiko dogo la makaa. Akaingia duka la vipodozi akaomba rangi ya kucha nyekundu. Msichana wa duka akauliza kama shemeji anapenda ya kung'aa au ya kawaida. "Ni ya sufuria," Wanjala akasema, na msichana akamtazama vizuri.

Jumamosi akafika Tuala na mzigo wake wote. Ajwang alifungua geti akaona shemeji yake amesimama na jiko la makaa mkononi.

"Shem, hiyo ni nini?"

"Naomba unikubalie nipike hapa nje."

Ajwang akafunika mdomo. Mwanamume kuja kwa shemeji kuomba kupika, tena mbele ya majirani wanaoanika nguo, ni jambo la kusimuliwa mpaka Kisumu. Lakini alimwacha. Wanjala akavua koti, akawasha makaa, akapika kuku na mboga ya kunde, akasonga ugali wa mahindi kwa mwiko wenye tone jekundu. Jasho lilimtoka. Akoth alikuwa dirishani, amerudisha uzito kidogo, na hakutoka mpaka harufu ilipomfikia.

Akaja akaketi kwenye meza ya plastiki. Wanjala akamwekea sahani moja mbele yake, akarudi nyuma akasimama.

Akoth akatoa simu kwa mazoea, akaielekeza kwenye sahani. Kisha akaiweka chini bila kupiga.

"Hapana," akasema. "Chakula hiki, tumbo langu ndilo litajibu."

"Sawa."

Akakata tonge dogo, akalichovya, akalila. Akakata jingine. Ajwang alikuwa mlangoni anajifanya anafagia. Wanjala alisimama vile vile, mikono nyuma, na Akoth akaona jinsi midomo yake ilivyokauka.

"Wewe umekula?"

"Bado."

"Tangu lini?"

"Tangu jana usiku. Njiani kulikuwa na mandazi, nikaogopa makombo yasije yakanibaki mikononi."

Akoth akaacha kutafuna. Akamtazama huyu mtu mzima na shati lake lililolowa, mwenye njaa yake, mpaka Ajwang naye akaacha kufagia.

"Nawa tena," akasema, akaisukuma sahani katikati ya meza.